Ndiyo ya Kamina

Mwezi uliopita mjukuu wangu wa kike alichukua simu yangu, akaipapasa kidogo, akanirudishia.

"Kambo," akasema, maana ndivyo wajukuu wa kwetu wanavyowaita babu na bibi zao, "sasa weye ndiye administrateri wa kundi la familia."

Nikamwuliza kazi hiyo ni ipi. Akasema nitaweza kumwingiza mtu kwenye kundi, kumtoa, na kumnyamazisha anayesumbua. Nikamwuliza ni nani waliokubali.

"Hakuna. Nimebonyeza tu."

Nilicheka mpaka nikatafuta leso. Kazi hiyo, au tuseme dada yake mkubwa, mimi niliingoja karibu miaka mitatu, katika ile miaka ya tisini ambapo mji wetu wa Likasi ulikuwa unabomoka taratibu, ukuta kwa ukuta. Aliyeningojesha ni mama mmoja ambaye mpaka leo sijauona uso wake. Namwombea kila asubuhi, na simwombei kwa uchungu.

Wakati ule kampuni ya shaba ilikuwa imeacha kulipa. Hakuna aliyetuambia tumefukuzwa. Tuliendelea kuamka, kuvaa, kwenda langoni, kusalimiana, na kurudi nyumbani. Nilikuwa karani wa ghala, kazi yangu kuandika vitu vinavyoingia na vinavyotoka, na kwa muda mrefu hakikuingia kitu wala kutoka kitu. Posta ilikuwa na mlango lakini haikuwa na barua. Treni ilikuja siku iliyopenda. Jirani zetu wengi wenye asili ya Kasai, ambao babu zao waliletwa na migodi, walikuwa wamefukuzwa kwa sababu ya asili hiyo, wakaondoka na treni hizo, magodoro na masufuria juu ya vichwa, na wengi hatukujua walifikia wapi. Kati yao walikuwa kaka wawili wa mke wangu. Yeye alibaki kwa ajili yangu na watoto. Miezi mingi hakuimba jikoni, naye alikuwa mtu wa kuimba.

Kilichobaki mjini chenye uwezo wa kufika mbali ni foni, yaani redio ya kuitana mji kwa mji. Parokia yetu, upande wa mji uitwao Kikula, ilikuwa nayo moja, sanduku la chuma juu ya meza katika chumba kidogo nyuma ya sakristia. Ilikula betri ya gari, na betri ilikula jua kwa bamba lililofungwa juu ya paa. Waya mrefu ulitoka dirishani ukaenda kufungwa kwenye mikaratusi miwili. Ukibonyeza kitufe cha mikro, kile kipaza sauti cha mkononi, unasema, ukikiachia unasikiliza. Kufanya yote mawili pamoja haiwezekani, na mara nyingi nimewaza kwamba Mungu angeweza kutuumba hivyo sisi wote, hasa makatekista.

Maana mimi pia nilikuwa katekista. Nilisoma miaka miwili katika shule ya makatekista kabla ya kuoa, na huko nilifundishwa kufariji. Padri aliponikabidhi ufunguo wa chumba cha foni alitoa sababu mbili: "Mwandiko wako unasomeka, na huna kazi." Ile ya pili aliisema kwa upole sana.

Vituo vilikuwa tisa. Kimoja kilikuwa hospitalini, kingine kwenye shule ya misioni, kingine sebuleni kwa dereva mstaafu. Sisi wafonisti hatukulipwa na mtu. Aliyekuja na karanga tulimshukuru, na aliyekuja mikono mitupu tulimpokea vilevile. Majina yetu hatukuyatumia hewani. Kila mmoja aliitwa kwa mji wake. Nilikuwa Likasi. Kuanzia saa moja na nusu asubuhi mpaka betri ichoke, mji mzima pamoja na vumbi lake ulikuwa mimi.

Kolwezi alikuwa mwuguzi mzee mwenye kifua kibovu na subira isiyo na mwisho. Kambove ndiye yule dereva mstaafu. Hakuweza kusema sentensi tatu bila kumchokoza mtu. Na Kamina alikuwa mama, mkunga wa hospitali, mwenye sauti kavu na safi kama shuka iliyopigwa pasi. Neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa "Fupisha." Kama mtu aliendelea kusema baada ya hapo, alisema neno moja tu: "Betri." Hapo hata Kambove alinyamaza.

Vituo tisa vikisema pamoja ni kelele tupu, kwa hiyo ilihitajika sauti moja ya kufungua hewa. Kazi hiyo ilikuwa ya Kolwezi. Kila asubuhi tulimsikia akikohoa, kisha: "Ndugu zangu, hewa iko wazi." Aliita mji mmoja baada ya mwingine, akampa kila mmoja zamu, akaamua ujumbe upi upite kwanza: mgonjwa kabla ya harusi, harusi kabla ya bei ya mahindi. Aliweza kumnyima mtu zamu wiki nzima kama alitukana. Siku alizolazwa kwa kifua chake tulikanyagana hewani kama watu wanaogombea mlango mmoja, na wenye shida waliokaa kwenye benchi walirudi nyumbani bila habari.

Kifua kikazidi. Asubuhi moja akatangaza kwamba anataka kumpata wa kumrithi angali hai, ili aweze kumkosoa. Akaeleza utaratibu wake. Mtu atatajwa. Kila kituo kitajibu hewani, wote wakisikia, ndiyo au hapana. Hapana moja inatosha kumzuia, lakini mwenye hapana atoe sababu. Mwenye kutajwa asijibu siku hiyo.

"Ju ya nini asijibu?" Kambove aliuliza.

"Kwa sababu atakayefungua hewa anaweza kumfunga mtu mdomo," Kolwezi alijibu. "Nataka tuone kwanza kama anaweza kuufunga wa kwake."

Alinitaja mimi, na sitajifanya kwamba sikuitaka kazi ile. Ghalani nilikuwa mtu. Watu waliinuka nilipoingia. Sasa nilikuwa mwanaume anayekaa uani mchana akiangalia kuku wa jirani. Kwenye foni nilikuwa tena mtu wa maana, na nilitamani sana, katika moyo ambao nilipaswa kuufundisha unyenyekevu, nisikie vituo vyote vikisema ndiyo juu yangu.

Siku ya kuulizwa mke wangu alinipigia pasi shati na nikavaa koti la Pasaka. Nilifika mapema, nikapangusa meza. Kwenye benchi walikuwa watu wanane hivi wakingoja zamu zao za ujumbe, na wote walijua.

"Likasi," ikaanza sauti ya Kambove, "leo weye umevaa koti? Minye nasikia vifungo."

Benchi zima likacheka. Nilikuwa nimekatazwa kujibu, nikanyamaza.

"Kambove, sema yako," Kolwezi akasema.

"Ndiyo. Anasema mingi lakini iko na moyo. Ndiyo."

Vikaja vingine, ndiyo, ndiyo, Bukama ndiyo, Mwene-Ditu ndiyo na salamu kwa mama. Kikabaki kimoja.

"Kamina?"

Nilisogeza sikio karibu na sanduku.

"Hapana," Kamina akasema.

"Sababu, mama."

"Likasi anabadilisha maneno ya watu."

Hapa nirudi nyuma miezi minne, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli.

Asubuhi moja alikuja chumbani kwangu kijana mzima, mwenye familia, kutoka mitaa ya juu ya Kikula. Macho yake yalikuwa mekundu. Alinipa karatasi ya kupeleka Kamina: "Baba amekufa jana. Tunazika kesho. Usije, njia ni mbaya." Nikamwuliza ni ya nani huko Kamina. Akasema ni ya dada yake, binti wa kaka mkubwa wa baba yake. Yatima aliyelelewa na marehemu nyumbani kwao tangu akiwa mdogo. Dada huyo ndiye mwenye foni.

Yaani ni Kamina mwenyewe.

Kwetu habari ya kifo haitupwi usoni mwa mtu. Anaambiwa mgonjwa amezidiwa, aje. Akiwa njiani watu wanamshika mkono, mmoja anambebea mfuko. Akifika na kuona viti vimetolewa nje na wanawake wamekaa chini, anajua, na kufikia hapo amekwisha kushikwa pande zote. Ndivyo nilivyoambiwa kifo cha mama yangu. Ndivyo nilivyowaambia wengine wengi, na sikuona kamwe kwamba ni uwongo. Niliona ni namna ya kumwekea mtu mto kabla hajaanguka.

Nikabonyeza kitufe. Nikasikia ile sauti yake kavu ikisema, "Likasi, sema, nasikiliza," nikaiwazia iko peke yake katika chumba cha hospitali. Sikuweza. Nikasema: "Kamina, baba yako wa Kikula amezidiwa sana. Ujiweke katika sala." Nilikusudia kumwambia yote kesho yake, nikisha kutafuta maneno mazuri.

Mchana huo ikapiga mvua ya radi. Ikaangusha mkaratusi mmoja pamoja na waya, na sanduku likatoa moshi. Kituo changu kikawa bubu siku kumi na sita.

Kambove alinisimulia baadaye kwamba kila asubuhi Kamina aliita: "Likasi, Likasi, baba anaendeleaje?" Hakuna aliyejua. Naye alikuwa mkunga. Mgonjwa aliyezidiwa, ambaye hawezi kumfikia, alimtumikia kwa namna aliyoijua: alikusanya dawa na chupa za maji ya mishipa, akamkabidhi mfanyakazi wa reli. Treni ilichukua siku tisa. Dawa zilifika katika nyumba ambayo kilio chake kilikuwa kimekwisha na viti vimerudishwa kwa wenyewe. Mfanyakazi wa reli ndiye aliyerudi na habari.

Nilipopata tena waya na kufungua sanduku, neno la kwanza lilikuwa la Kamina. "Likasi," akasema, "nimepokea." Hilo tu. Na miezi ile yote hakulitaja tena, hata nikaanza kujidanganya kwamba amelisahau.

Sasa alilitaja, mbele ya vituo vinane na benchi langu lote.

"Zile dawa zilikuwa za wodi yangu," alisema. Hakupandisha sauti. "Kulikuwa wamama walizihitaji. Nilizitoa mimi, na nimekwisha kutubu kwa Mungu. Lakini nilizitoa kwa neno la Likasi. Siku hizo kumi na sita niliomba mgonjwa apone, na ni marehemu. Kila ujumbe anaousoma sasa najiuliza, huu ni wa mwenyewe, ao ni wa Likasi? Mfungua hewa hawezi kuwa vile. Nimemaliza. Kwako, Kolwezi."

"Nimepokea," Kolwezi akasema. "Likasi amezuiwa. Tuendelee, Bukama iko na mgonjwa."

Nilivua koti. Benchi liliangalia viatu vyake.

Nyumbani mke wangu alikuwa ameweka bukari, ndio ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, na kipande cha samaki ambacho najua alikitafuta kwa ajili ya sherehe. Nilimweleza.

"Shi, ile mama alisema uwongo?"

"Hapana. Alisema kweli."

"Basi kula."

Nikala. Baada ya muda akaongeza, bila kuniangalia: "Minye kama kaka zangu wamekufa kule, sitaki muntu aniambie wanaumwa. Nimechoka kungoja treni ya bantu ambao hawako."

Nikaacha kula. Tulikuwa tumelala kitanda kimoja mwaka mzima na sikulijua hilo.

Kesho yake niliomba msamaha hewani. Nilijiandaa usiku kucha moyoni, nikaanza na Zaburi, nikapita kwa mwana mpotevu, nikiwa naelekea kwa Petro na jogoo wake ndipo nilipoachia kitufe kidogo nivute pumzi.

"Likasi," ikasema sauti ya Kamina. "Betri."

Kambove alicheka mpaka akalazimika kufunga foni yake. Kolwezi aliningoja mwisho, vituo vingine vilipokwisha kuondoka, akaniambia: "Mwanangu, msamaha wa mdomo umekwisha kuutoa, na ulikuwa mrefu. Sasa soma karatasi za watu kama zilivyoandikwa. Hiyo njo kazi."

Nikazisoma. Sikuongeza "Mungu awe nanyi" kama mwenyewe hakuiandika, na hilo, kwa katekista, ni mfungo mgumu kuliko wa Kwaresima. Mama akiandika kwa hasira, "Umetuacha kama mbwa," nilisoma kama mbwa. Lakini vifo vilinitesa. Katika miaka ile vilikuja vingi, na kuvisoma vilivyo kwa mtu aliye peke yake chumbani kulikuwa kama kumsukuma kisimani. Nilisali sana juu ya jambo hili. Sikupata maono yoyote. Nilipata wazo dogo tu, siku moja nikimwangalia mke wangu akimshikia jirani mtoto ili afunge kitenge chake vizuri.

Ujumbe wa kifo uliofuata ulikuwa wa Bukama. Nilimwita yule mfonisti, nikamwambia: "Bukama, nina ujumbe mzito wa mama fulani wa mtaa wako. Mtafute. Asije peke yake. Uniambie amekaa na nani, ndipo nitasoma."

Tulingoja. Hewa iliachwa wazi, tunasikia mvumo tu, kama robo saa nzima.

"Likasi, amefika. Iko na dada yake na jirani mmoja, wamekaa pande mbili."

Nikasoma maneno yote yalivyoandikwa. Nikayasoma mara ya pili. Nikaachia kitufe na kukaa.

Vituo viwili vililalamika kwamba robo saa ya kungoja inakula betri bure. Kambove alisema kama ni hivyo basi na yeye apunguze mizaha, na kwa kuwa hilo haliwezekani, tuvumilie. Kolwezi akasema tujaribu. Kamina alisoma ujumbe wake uliofuata. Lakini baada ya wiki tatu nilimsikia akiita Mwene-Ditu: "Kabla sijasoma, uko na nani pale?" Nilikuwa na karanga mkononi na nikazimwaga.

Mwaka ulipopinduka Kolwezi alinitaja tena. Safari hii sikuvaa koti. Zikaja ndiyo saba, za haraka, kama watu wanaopita mahali wanapopajua.

"Kamina?"

"Bado."

"Mama, utaratibu wangu iko na ndiyo na hapana."

"Bado," Kamina akarudia.

"Bado ni hapana yenye adabu," Kambove akaamua, na Kolwezi akaandika hivyo. Nami nilirudi nyumbani nikiwa nimezuiwa, lakini nilimwambia mke wangu tangu langoni: "Amesema bado!" Alifikiri nimepata homa.

Mwaka na zaidi ukapita. Kifua cha Kolwezi kikawa kinafungua hewa siku tatu kwa wiki, kisha mbili. Siku nyingine tulikanyagana kama zamani. Vituo viwili viliacha kabisa kuja, tukabaki saba. Nilielewa, na wote walielewa, kwamba tukikosa mfungua hewa mwaka mwingine foni yenyewe itakufa, na sikuweza kusema hilo kwa sababu lingesikika kama kuomba.

Kisha ikaja asubuhi moja ya kiangazi, hewa safi kabisa, sauti zote kama ziko chumbani. Kolwezi alikuwepo lakini alikohoa zaidi ya kusema.

"Likasi, Likasi," Kamina akaita. "Nina ujumbe mzito."

Nikachukua kalamu. Nikaangalia benchi, nikijiuliza ni nani kati yao.

"Nimepokea, mama. Ni wa nani, nimtafute?"

Akangoja kidogo.

"Likasi, uko na nani pale?"

"Niko na watu wa benchi. Ujumbe ni wa nani?"

"Ni wako," akasema. "Mwite mama wa watoto."

Huko mjini Kamina aliishi dada yangu mkubwa, yaya yangu kama tusemavyo kwetu, aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa shambani. Nilijua. Watu wote katika chumba kile walijua. Mwanamke mmoja wa benchini alikwishasimama kwenda kumwita mke wangu, na kutoka parokiani mpaka kwetu na kurudi ni dakika ishirini kwa mtu anayetembea haraka. Nilikaa na mikro mkononi. Ningeweza kumwomba Kamina aniambie tu. Nilitamani pia, na hili nalikiri, aseme yaya amezidiwa, ili nipate siku moja zaidi ya kumwombea apone.

Vituo sita vilingoja nami. Hakuna aliyesema betri. Kambove, mtu ambaye hajawahi kunyamaza dakika mbili, alinyamaza ishirini. Mara moja tu nilimsikia akibonyeza kitufe na kukiachia bila neno, kama mtu anayegusa bega.

Mke wangu akaingia na unga mikononi mpaka kwenye viwiko. Akavuta kiti, akakaa, akaniwekea mkono wenye unga juu ya goti.

"Kamina," nikasema, "niko na mke wangu."

Akasoma. "Yaya yako amekufa siku ya Mungu, baada ya misa. Hakuumwa muda mrefu. Tumemzika jana. Aliacha salamu kwako. Watoto wako salama." Kisha akasoma mara ya pili, polepole zaidi, neno kwa neno, hakuongeza wala hakupunguza. 

Nilibonyeza.

"Kamina, nimepokea."

Nilitaka kuacha kila kitu na kutoka. Lakini Bukama aliingia hewani, kwa sauti ya kuomba radhi, akasema kwamba anaona aibu, ila ana mama amekwama katika kuzaa tangu jana na anahitaji shauri la mkunga. Hapohapo kituo kingine kikaanza kusema juu ya sauti yake, na kingine tena, na Kolwezi akijaribu kuwatenganisha alishindwa kwa kikohozi. Ilikuwa kelele tupu. Niliangalia mkono wa mke wangu. Aliuondoa gotini, akanisukumia mikro karibu na mdomo.

"Nyamazeni wote," nikasema. "Bukama, kwako. Kamina, msikilize. Wengine ngojeni, nitawaita."

Wakangoja. Bukama akasema, Kamina akamwelekeza, geuza hivi, shika hapa, na mimi niliwapitisha wawili wao kwa zamu, mpaka Bukama akatuambia mtoto amelia. Kisha niliwaita waliobaki mmoja mmoja, mgonjwa kwanza, harusi baadaye, bei ya mahindi mwisho. Nadhani sikusema neno hata moja la ziada. Sikuwa nalo.

Orodha ilipokwisha, nilinyoosha mkono nizime.

"Kolwezi," ikasema sauti ya Kamina. "Andika ndiyo yangu."

Kolwezi alikohoa kwanza. "Mama, leo hakuna aliyeuliza."

"Minye nimeuliza," akasema. "Na minye nimejibu. Likasi, nenda ukalie yaya yako."

Nilienda nikalia. Siku za kilio mfiwa hafanyi kazi. Wiki ile Kambove ndiye aliyefungua hewa, na nasikia alifanya vibaya sana, akawapa zamu kwanza waliomchekesha. Nilikaa chini uani na watu wa kwetu, nikiwa nimeshikwa pande zote, na jioni ya siku ya nne nilimsikia mke wangu jikoni akianza wimbo wa kanisa kwa sauti ndogo, akauacha katikati, akauanza tena.

Siku ya nane nilirudi kwenye kile chumba. Nilipangusa meza. Nilikohoa bila kukusudia, kama Kolwezi. Kisha nikabonyeza kitufe kwa mara ya kwanza kama mwenye kazi, nikasema: "Ndugu zangu, hewa iko wazi," na kwa kuwa moyo wangu ulikuwa umejaa, nikaendelea, nikamshukuru Mungu kwa kila mmoja wao kwa mji wake, nikashukuru kwa Kolwezi na kifua chake, kwa Kambove na mdomo wake, kwa mtoto wa Bukama, na nilikuwa ndiyo kwanza naingia katika wema wa Kamina nilipoachia kitufe nivute pumzi.

"Likasi," akasema. "Betri."